Kunasa mwanga wa dakika chache: mwongozo kamili wa picha za mandhari ukiwa safarini

Picha nyingi ninazotumiwa na wasomaji zina kasoro ileile. Mtu alikuwa Irente karibu na Lushoto, au Moshi, au Forodhani kule Unguja. Mawingu yakapasuka, jua likapenya, kila aliyekuwa karibu akasimama kutazama. Kwenye picha, anga limetoka jeupe pe, mlima mweusi tii, na ile dhahabu iliyomfanya atoe simu mfukoni haimo.

Hata kamera ya bei kubwa hutoa picha hiyo mikononi mwa mtu aliyeanza kujiandaa baada ya mwanga kutokea. Mwanga wa namna hii hukaa dakika mbili au tatu, wakati mwingine hata dakika haiishi. Muda huo unatosha kubonyeza tu. Kuchagua pa kusimama, kupanga kamera, kuamua kipi kiingie kwenye picha na kipi kibaki nje, yote hayo yawe yamekwisha. Ndiyo maana katika hatua zifuatazo kubonyeza kunachelewa sana kufika.

Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, lakini kanuni ni zilezile Kenya, Uganda na kokote karibu na ikweta.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu inayokuruhusu kufunga kiasi cha mwanga, au kamera yoyote ambayo unaweza kuipanga mwenyewe.
- Kama una kamera: lenzi pana ya milimita 24 hivi, na lenzi ndefu ya kufika milimita 200. Ukilazimika kubeba moja tu, beba ndefu. Sababu iko kwenye hatua ya 4.
- Tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Ya simu inaweza kuwa ndogo, lakini iwe na kishikio kinachokaza.
- Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage, kwa ajili ya kuegemeza kamera dirishani mwa gari au juu ya jiwe.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Lenzi ya simu inayokaa mfukoni ina mafuta ya vidole, na mafuta hayo yakikutana na jua la kushuka yanatandaza ukungu kwenye picha nzima.
- Pawabenki au betri ya akiba, na memori kadi yenye nafasi. Futa picha zisizohitajika usiku uliotangulia.
- Programu inayoonyesha jua litachomoza na kuzama uelekeo gani: PhotoPills au Sun Surveyor zinafaa.
- Tochi ya kichwani, koti la mvua, sweta, na mfuko usiopitisha maji. Lushoto jioni ya Julai ina baridi kali kuliko wageni wengi wanavyotarajia.

Droni sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Tanzania na Kenya inahitaji kibali, na kuirusha hifadhini bila ruhusa kutakuletea matatizo makubwa.

## Hatua ya 1: Jua una dakika ngapi

Mafunzo mengi ya upigaji picha yametoka Ulaya na Marekani, na yanazungumzia saa ya dhahabu kana kwamba ni saa nzima. Huku kwetu si hivyo.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho mpaka kuzama ni kama dakika 25. London mwezi Juni jua hushuka kwa mshazari, na kipande hichohicho cha anga hulichukua karibu mara mbili ya muda huo. Hapa likishagusa upeo wa macho, linazama lote kwa dakika mbili na sekunde chache, na baada ya dakika ishirini na kitu unahitaji tochi.

Kwa hiyo pima hivi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, iweke juu ya upeo wa macho upande jua linakoelekea. Upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10, yaani kama dakika 40. Nusu ngumi ni dakika 20. Fanya hivyo bila kulikazia jua macho, na kamwe usilitazame kupitia kioo cha kuchungulia cha kamera, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Macho yanaharibika hapohapo.

Kama mbele yako kuna mlima, hesabu mpaka kwenye mgongo wa mlima. Muda wa machweo ulioandikwa kwenye programu ni wa mahali tambarare. Bondeni jua linaweza kukupotea nusu saa kabla.

Umefaulu ukiweza kusema bila kutazama simu zimebaki dakika ngapi kabla jua halijafika pale utakapolipoteza.

## Hatua ya 2: Chagua upande kabla ya kulipia chumba

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia, na hakuna ufundi wa kamera unaoweza kurekebisha kosa hili baadaye.

Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni linachomoza nyuzi 23 hivi kaskazini mwa mashariki kamili. Mwishoni mwa Desemba ni nyuzi 23 hivi kusini mwa mashariki. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba linatoka mashariki kamili. Tofauti hiyo inatosha kuamua kama mlima utakuwa na uso au utakuwa kivuli kitupu.

Chukua Kilimanjaro. Ukiwa Moshi unautazama kutoka kusini. Desemba na Januari, jua la asubuhi linatokea upande uliopo wewe, linaupiga mlima ubavuni kutoka kulia, na kila korongo linaonekana. Juni na Julai jua linatokea upande wa pili, na ule uso unaoutazama unabaki kivulini wakati rangi ni nzuri kuliko zote. Miezi hiyo mwenye bahati ni aliye Amboseli, Kenya, anayeutazama kutoka kaskazini. Ukirudi Amboseli mwezi Desemba, mambo yamegeuka.

Kilele nacho kina saa yake. Kibo ina mita 5,895, kwa hiyo hupata jua dakika saba au nane kabla ya uwanda uliosimama wewe. Ukisubiri muda wa mawio ulioandikwa kwenye programu utakuta rangi ya waridi kwenye theluji imeshageuka njano. Uwe umesimama tayari dakika 20 kabla. Na usiseme utarudi baada ya chai: mara nyingi mlima hufunguka alfajiri, na ikifika saa tatu au saa nne asubuhi umeshajifunika.

Unguja amua mapema vilevile. Nungwi na Kendwa, kaskazini-magharibi, zinakupa machweo baharini. Paje na Jambiani zinatazama mashariki. Huko ni mawio. Watu wanalipia wiki nzima Paje halafu wanauliza mbona jua halizami majini.

Irente, nje kidogo ya Lushoto, ni ya jioni. Jabali linatazama upande wa magharibi, na chini yake, karibu kilomita moja kwenda chini, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge na uwanda unaopotelea mbali. Nitakuwa nairudia Irente kwa sababu ndipo mahali pazuri pa kujifunzia: unauona mwanga ukitembea ardhini kabla haujafika unapoutaka.

Umefaulu ukiwa umeandika mistari miwili: mahali utakaposimama na upande mwanga utakakotokea, nyuma yako, ubavuni au usoni. Wa ubavuni ndio unaochora milima vizuri zaidi.

## Hatua ya 3: Lisome anga, usiliogope

Anga safi bila wingu hata moja ni zuri kwa pikiniki. Kwa picha ya mandhari halina mengi: jua linazama, rangi inafifia, basi. Unachotaka ni mawingu yenye mlango.

Mlango ni nafasi iliyo wazi chini kabisa upande wa jua. Jua likishuka hapo, mwanga wake unapita chini ya mawingu na kuyapiga tumboni. Mwanga huo umesafiri njia ndefu ndani ya hewa, umepoteza sehemu kubwa ya bluu, ndiyo maana unakuja mwekundu na wa dhahabu. Mlango ukiwa umefungwa na wingu zito, hata mawingu mazuri juu yako yatabaki ya kijivu.

Utabiri wa kawaida hausemi kitu kuhusu mlango. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zitakueleza uwezekano wa mvua na upepo mkali, na hizo zifuate kwa usalama wako. Kwa mlango, fungua picha za setilaiti kwenye Zoom Earth au Windy mnamo saa kumi jioni, kisha tazama kilomita mia moja mpaka mia mbili magharibi mwa ulipo. Pakiwa wazi kule, kaa. Pakiwa peupe kwa wingu zima, bado kaa kama hujasafiri mbali, lakini weka matarajio kwenye miale inayochomoza katikati ya mawingu.

Mawingu mepesi ya juu, yale ya nyuzinyuzi, ndiyo yanayowaka baada ya jua kuzama. Mvua kubwa inayoondoka ndiyo inayoleta mwanga mkali kuliko wote: mbele yako wingu jeusi, nyuma yako jua. Hapo tafuta upinde wa mvua. Unakaa upande ulio kinyume na jua, na hautokei jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42. Kwa hiyo saa sita mchana usiutafute. Subiri kuanzia saa tisa na nusu alasiri hivi.

Ndiyo maana siwaambii watu wakimbie masika. Kiangazi kina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, milima ya mbali inafifia. Asubuhi baada ya mvua hewa imeoshwa, na mgongo wa mlima ulio mbali sana unakatika wazi.

Onyo la radi. Ukiona mmweko kisha ukasikia ngurumo kabla ya kuhesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Kunja tripodi, ondoka ukingoni na mbali na mti ulio peke yake, ingia kwenye gari au nyumba. Picha ya radi ipigwe kutoka ndani.

## Hatua ya 4: Tafuta picha mwanga ukiwa bado mbaya

Fika dakika 90 kabla. Muda huo una kazi.

Tembea bila kutoa kamera. Jiulize: mwanga ukija, utue juu ya nini? Jibu liwe kitu kimoja. Kilima kimoja. Mbuyu mmoja. Mashua iliyotiwa nanga mbele ya Forodhani. Mtu anayejibu "mandhari yote" anarudi na picha ambayo jicho halijui pa kutulia.

Pale Irente, kwa mfano, ukitazama chini utaona mistari iliyonyooka ya mkonge, barabara, mapaa ya bati na vichaka vya miti. Saa kumi na moja jioni vyote vina rangi moja ya kijivujivu. Lakini mistari ya mkonge ikipigwa na mwanga wa ubavuni, kila safu inatupa kivuli, na shamba linaonekana limechanwa kwa kitana. Hicho ndicho kitu chako. Kiweke kwenye fremu sasa hivi, kikiwa bado kibaya.

Hapa ndipo lenzi ndefu inapofanya kazi. Mwanga unaopenya kwenye tundu la mawingu hutua kwenye kipande kidogo cha ardhi. Kwa macho unakiona kikubwa kwa sababu akili imekikazia. Lenzi pana inakifanya tone. Ukivuta milimita 100 au 200 kinajaa fremu. Mwenye simu atumie lenzi yake ya pili ya kuvuta kama anayo. Kuvuta kwa vidole kupita hapo ni kukata picha tu. Afadhali ukate baadaye kwa utulivu.

Lenzi pana iache kwa ajili ya anga lililowaka lote, na hapo utahitaji kitu cha karibu: jiwe, ua, ngalawa, dimbwi lenye taswira ya anga. Bila hicho nusu ya chini ya picha inabaki tupu.

Chagua sehemu tatu za kusimama zilizo hatua chache kutoka nyingine, na kila moja iwekee kijiwe cha alama. Mwanga ukikataa upande mmoja, unahama bila kufikiri.

Kama pa kusimama ni shambani kwa mtu, omba kwanza, na omba vizuri. "Shikamoo mzee. Naomba kusimama hapa pembeni nipige picha ya mlima, sitakanyaga mahindi." Mara nyingi utaonyeshwa mahali pazuri zaidi kuliko ulipopaona wewe, kwa sababu anayekaa hapo anajua jua linakoangukia. Usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi au viwanja vya ndege, hata kama mwanga umetua hapo.

Ukingoni usitegemee uzio. Pima mahali pa miguu mchana, weka tripodi kwanza, halafu wewe nyuma yake. Wakati wa rangi watu husogea mbele bila kujua.

Umefaulu ukiwa na fremu tatu ulizokwisha kuzijaribu, na upeo wa macho ulionyooka katika zote.

## Hatua ya 5: Panga kamera, kisha uiache

Kwa kamera, anza hivi:

1. Picha zihifadhiwe kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipunguza. JPEG hutupa taarifa nyingi za mwanga ambazo utazihitaji kuokoa anga.
2. Chagua mfumo wa A au Av, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Tundu liwe f/8. Kwa lenzi nyingi hapo ndipo picha inapokuwa kali.
3. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100 kama uko kwenye tripodi. Bila tripodi, ipandishe mpaka kasi ya shata isishuke chini ya sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi: milimita 200, basi 1/200 au zaidi.
4. Mizani ya rangi (white balance) iwekwe kwenye alama ya jua, si otomatiki. Otomatiki huiona dhahabu kama kosa na kuipooza.
5. Fokasi iweke mwenyewe. Kwa milimita 24 na f/8 kwenye kamera ya fremu kamili, ukilenga kitu kilicho mita mbili na nusu, kuanzia mita moja na robo hivi hadi mlima wa mbali vyote vinasomeka vizuri. Kwa lenzi ndefu lenga kile kitu chako kimoja, kisha zima otomatiki. Giza likianza, fokasi ya otomatiki hutangatanga, na ndipo dakika zako zinapoishia.

Kwa simu: futa lenzi, washa mistari ya gridi, zima flashi, na kama simu ina mfumo wa kitaalamu wenye RAW, utumie. Mfumo wa usiku uzime wakati wa machweo. Unaangaza jioni mpaka inafanana na mchana.

## Hatua ya 6: Pima mwanga kwenye sehemu angavu

Ukisahau hatua zote, shika hii.

Kamera haijui unachokitazama. Inajumlisha kilichopo na kujaribu kuleta wastani wa kijivu. Sasa fikiria fremu ya Irente: sehemu tisa kati ya kumi ni uwanda ulio kivulini, sehemu moja ni shamba la mkonge lililowaka. Kamera inaona giza tele, inaongeza mwanga, na lile shamba linageuka doa jeupe. Kilichokufanya usimame ndicho kilichofutwa. Anga nalo hufa kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu iliyokwisha kuwa nyeupe kabisa hairudi, hata kwa programu ya kuhariri ya bei gani. Kivuli kinarudi, walau kiasi. Kwa hiyo linda mwangaza, kivuli kisubiri.

Kwenye simu: gusa na ushikilie kidole mahali panapong'aa zaidi unapotaka kupatunza, mfano ukingo wa wingu (si jua lenyewe). Kwenye iPhone itaandika AE/AF LOCK. Simu nyingi za Android huonyesha alama ya kufuli. Kisha buruta alama ya jua chini polepole mpaka uone maumbo ndani ya wingu. Ardhi itaonekana nyeusi kuliko inavyokupendeza. Iache hivyo.

Kwenye kamera: tumia kitufe chenye alama ya +/−, anza na −1. Piga moja ya majaribio, fungua histogramu, ile grafu ya mwanga: giza kushoto, weupe kulia. Mlima wa grafu ukiwa umebanana na ukuta wa kulia, shuka mpaka −1.7. Ukiachana na ukuta huo kidogo, acha hapo. Washa pia tahadhari ya kumetameta. Sehemu zinazometa nyeusi na nyeupe ndizo ulizozipoteza. Duara la jua likimeta peke yake si neno.

Tofauti ya mwanga ikiwa kubwa mno, yaani jua liko ndani ya fremu na ardhi ni giza, weka kamera ipige picha tatu mfululizo: −2, 0, +2. Utaziunganisha baadaye. Tripodi ni lazima hapo, na kitu kinachotikisika kwa upepo kitaleta kivuli maradufu. Filta yenye giza upande wa juu hufanya kazi hiyo kwa picha moja, lakini inafaa tu upeo wa macho ukiwa umenyooka kama wa baharini. Mbele ya Kilimanjaro itatia giza kilele ulichokifuata.

Umefaulu ukiona mikunjo ndani ya wingu angavu kuliko yote, na bado unatambua umbo la ardhi.

## Hatua ya 7: Fuata kivuli cha wingu

Sasa unasubiri, na kusubiri huku kuna hesabu.

Acha kutazama juu. Tazama ardhini. Vivuli vya mawingu vinatembea, na katikati yake kuna vipande vya mwanga vinavyotembea kwa kasi hiyohiyo. Chagua kipande kimoja cha mwanga kilicho upande upepo unakotokea. Angalia kinachukua muda gani kutoka alama moja hadi nyingine: kutoka barabara mpaka mto, kutoka kijiji mpaka kilima.

Wingu likienda kilomita 30 kwa saa, kivuli chake hukata mita 500 kila dakika. Kwa hiyo kipande cha mwanga kilicho kilomita mbili kutoka kwenye kitu chako kitafika baada ya dakika nne. Na kama kipande chenyewe kina upana wa mita 500, kitakaa juu ya kitu chako dakika moja tu. Unajua sasa lini uwe na kidole kwenye kitufe na kwa muda gani.

Pale jabalini kuna dalili nyingine ninayoipenda. Kabla mwanga haujafika kwenye shamba, bati la nyumba moja kule chini humemeta. Bati linalofuata. Halafu vumbi la barabarani linageuka rangi. Ukiona hayo, mikono iwe tayari.

Wakati huu usiongee na simu, usitume picha, usibadilishe lenzi. Lenzi hubadilishwa kipande kikishapita, si kikiwa njiani.

## Hatua ya 8: Bonyeza kwa mpangilio

Ya kwanza ipige mara tu mwanga unapogusa kitu chako, hata kama haujatulia. Hiyo ni akiba. Kisha tazama kwa haraka kama kuna kinachometa nyeusi na nyeupe, shusha kidogo ukilazimika.

Baada ya hapo piga moja kila sekunde chache bila kuhamisha fremu. Wakati mzuri kuliko wote ni pale kitu chako kina mwanga na vilivyokizunguka bado viko kivulini. Hudumu sekunde chache, na huwezi kuutambua vizuri mpaka umepita. Ukishakuwa na mfululizo huo, geuza kamera iwe wima, upige tena.

Usitumie muda huu kurudia kutazama picha ulizopiga. Watu wanainamisha vichwa kwenye skrini wakati mwanga bora unapita juu ya vichwa vyao.

## Hatua ya 9: Geuka nyuma, na usiondoke

Jua likizama, magari yanawashwa, watu wanashuka Lushoto. Wewe baki.

Dakika tano mpaka kumi na tano baada ya machweo, mawingu ya juu bado yanaliona jua ambalo wewe hulioni. Ndipo wekundu mkali hutokea. Mara nyingine kuna kimya cha rangi cha dakika kadhaa, kila kitu kijivu, kisha anga linawaka upya. Kasi ya shata itashuka mpaka 1/15, halafu sekunde nzima au zaidi, kwa hiyo tripodi sasa si hiari. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera.

Geuka pia upande wa mashariki. Anga likiwa safi utaona utepe wa waridi, na chini yake ukanda wa bluu iliyokolea unaopanda. Ukanda huo ni kivuli cha dunia yenyewe. Mwezi ukiwa mpevu, unachomoza upande huohuo karibu na muda wa machweo, ukiwa bado ardhi ina mwanga wa kutosha kuonekana pamoja nao. Siku hiyo ya mwezi iweke kwenye kalenda kabla hujapanga safari.

## Mwanga ukikukuta njiani

Mwanga mwingi mzuri hutokea ukiwa kwenye gari. Kwenye gari la kukodi, kubaliana na dereva asubuhi: "Kaka, nikisema simama, tafuta pa usalama kwanza, uzime na injini." Mtetemo wa injini unaonekana kwenye picha ya lenzi ndefu. Laza mfuko wa mchele kwenye ukingo wa dirisha, kamera juu yake.

Ndani ya hifadhi usishuke mahali pasiporuhusiwa, na ulizia mapema muda wa mwisho wa gari kuwa barabarani. Rangi inayokuja baada ya muda huo piga ukiwa kambini. Usimsukume dereva avunje sheria. Leseni inayochukuliwa ni yake.

Kwenye basi, kaa upande ulio kinyume na jua ili uione ardhi iliyopigwa mwanga. Sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, zungushia kanga au shuka ya rangi nzito kuzuia taswira ya ndani, na weka kasi ya 1/1000 au zaidi. Lenga vilivyo mbali; vichaka vya karibu vitaburutika tu.

## Usiku huohuo

Nakili picha mahali pa pili kabla ya kulala: simu, kompyuta au kadi nyingine. Usizifute kwenye kadi ya kwanza mpaka ufike nyumbani.

Ukihariri, kwenye Snapseed au Lightroom, fuata mpangilio huu: nyoosha upeo wa macho, punguza sehemu angavu, pandisha vivuli kidogo, kisha simama. Vivuli vikipandishwa sana mwanga unakosa nguvu, kwa sababu ulionekana mkali kutokana na giza lililouzunguka. Kitufe cha kukoleza rangi kiguse mwisho, na kidogo. Nyasi zikianza kuwa za machungwa na nyuso za watu nyekundu, umepita.

Usiisambaze usiku huo. Kwenye chumba chenye giza skrini huonekana angavu kuliko ilivyo, na utaifanya picha iwe nzito mno. Ifungue kesho yake mchana, mwangaza wa skrini ukiwa wa kati, uilinganishe na ile ya RAW isiyoguswa, ndipo uamue ipi uitume.